Ukinzani mkubwa hutoa joto zaidi au pungufu? Jibu kuhusu saketi, nguvu na nishati ya umeme

Msomaji anayejisomea umeme peke yake ameuliza hivi: "Kitabu changu kinasema joto la waya huongezeka kadiri ukinzani unavyoongezeka, kwa kuwa P = I²R. Kwenye ukurasa unaofuata nakuta P = V²/R, maana yake ukinzani ukiongezeka joto linapungua. Ipi ni kweli? Nilichukua balbu mbili za gari za volti 12, moja ya wati 5 na nyingine ya wati 21, nikaziunganisha kwa mfululizo kwenye betri ya volti 12. Ile ndogo iliwaka karibu kama kawaida, ile kubwa haikutoa mwanga kabisa. Nilipohesabu, majibu hayakulingana na nilichokiona. Naomba pia unifahamishe namna ya kuhesabu uniti, na kama volteji ikishuka matumizi nayo hupungua."

Ndugu msomaji, fomula zote mbili (P ni nguvu, I ni mkondo, V ni volteji, R ni ukinzani) ni za kweli, na ukizitumia kwa kifaa kile kile kwa wakati ule ule zitakupa jibu moja. Zinaonekana kupingana kwa sababu kila moja inasomwa pamoja na sharti ambalo halikuandikwa. Anayesema kwamba ukinzani mkubwa huleta joto kubwa anamaanisha mkondo haubadiliki. Anayesema kwamba ukinzani mkubwa huleta joto dogo anamaanisha volteji haibadiliki. Katika saketi halisi haiwezekani vyote viwili vibaki palepale unapobadilisha ukinzani, na kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuchagua fomula ni hili: katika saketi hii, ni kitu gani kimeshikiliwa, na nani amekishikilia?

Fomula hizo mbili zina mzazi mmoja, nami ningependa umfahamu huyo kwanza. Mkondo ni kiasi cha chaji kinachopita mahali fulani katika waya kwa kila sekunde. Ampea 1 ni kulombu 1 kwa sekunde, sawa na elektroni zipatazo 6.24 × 10¹⁸. Volteji kati ya ncha mbili za kifaa ni nishati ambayo kila kulombu huiacha ndani ya kifaa inapopita kutoka ncha moja kwenda nyingine. Volti 12 ni jouli 12 kwa kila kulombu. Ukizidisha kulombu kwa sekunde na jouli kwa kulombu, unapata jouli kwa sekunde, na hiyo ndiyo wati. Kwa hiyo P = VI. Fomula hii haidai kwamba kifaa ni cha aina fulani: inafaa kwa uzi wa balbu, kwa mota, kwa betri inayochajiwa, mradi V na I zimepimwa kwenye kifaa hicho hicho na kwa wakati huo huo.

Ukinzani unaingia baadaye. Mwaka 1827 Georg Simon Ohm alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba katika kipitishi cha metali ambacho halijoto yake haibadiliki, mkondo huongezeka kwa uwiano ule ule na volteji, na uwiano huo ndio tunaouita ukinzani: V = IR. Mwaka 1841 James Prescott Joule naye akachapisha matokeo ya vipimo vya joto la nyaya zinazopitisha umeme, akionyesha kwamba joto linalotolewa kwa muda fulani hufuata kipeo cha pili cha mkondo mara ukinzani. Ukiweka IR mahali pa V katika P = VI, unapata I²R; ukiweka V/R mahali pa I, unapata V²/R. Hakuna sheria mpya iliyoongezwa katika hatua hizo, ni uhusiano ule ule uliovaa sura mbili.

Sasa tuone nani anashikilia nini. Vifaa vikiunganishwa sambamba, kila kimoja kina ncha zake mbili moja kwa moja kwenye chanzo, kwa hiyo vyote hupata volteji ile ile. Nyaya za nyumba huunganishwa hivyo, ndiyo maana ukizima taa ya chumba kimoja ya chumba cha pili haishtuki. Balbu zako mbili zikiwekwa sambamba kwenye volti 12, ya wati 5 itavuta ampea 0.417 na ya wati 21 itavuta ampea 1.75, na betri italazimika kutoa jumla ya ampea 2.17, yaani wati 26. Ukinzani wa ile ndogo zikiwa zinawaka ni 12²/5, sawa na omu 28.8, na wa ile kubwa ni 12²/21, sawa na omu 6.86. Hapa volteji imeshikiliwa na betri, na kweli mwenye ukinzani mdogo ndiye anayewaka zaidi.

Katika mfululizo njia ni moja tu. Kulombu zinazoingia katika balbu ya kwanza ndizo zinazotoka na kuingia katika ya pili, na kiasi hicho hicho hurudi kwenye betri. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi huamini kwamba balbu iliyo karibu na betri hula mkondo na kumwachia mwenzake mabaki. Mkondo hauliwi, kinachoachwa njiani ni nishati. Gustav Kirchhoff aliliweka jambo hili katika kanuni zake mbili za mwaka 1845: mikondo inayoingia katika kiungo ni sawa kwa jumla na inayotoka, na ukizunguka saketi yote hadi ulikoanzia, volti zinazotolewa na chanzo ni sawa kwa jumla na volti zinazotumika kwenye vifaa. Kama una shaka, badilishana nafasi za balbu zako, na utaona kwamba ile ndogo bado ndiyo inayowaka.

Kwa kuwa mkondo ni mmoja kwa balbu zote mbili, nguvu ya kila moja hufuata I²R, na mwenye ukinzani mkubwa ndiye atakayepata sehemu kubwa. Hesabu uliyoifanya nadhani ilikwenda hivi: ukinzani wa jumla ni 28.8 + 6.86, sawa na omu 35.66, mkondo ni 12 ÷ 35.66, sawa na ampea 0.337, balbu ndogo inapata wati 3.3 na kubwa wati 0.78. Mwelekeo ni sahihi, lakini kama ulivyoona, balbu yenye wati 3.3 kati ya 5 ingefifia waziwazi, na yako iliwaka karibu kama kawaida.

Tofauti hiyo haitokani na kosa la kuzidisha. Inatokana na sharti la Ohm kuhusu halijoto, ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Uzi wa balbu ni wa tangsteni, na uzi huo ukiwaka kwa nyuzi joto zaidi ya 2,000 za Selsiasi ukinzani wake huwa takriban mara 10 hadi 15 ya ulivyokuwa ukiwa baridi. Omu 6.86 tulizozipata kwa balbu kubwa ni za balbu hiyo ikiwaka kwa wati 21. Katika saketi yako haikuwaka, ilibaki karibu baridi, na ukinzani wake ulibaki mdogo sana. Tuseme ulikuwa omu 1. Ukinzani wa jumla sasa ni karibu omu 29.8, mkondo ni ampea 0.40, na balbu ndogo inapata wati 4.7 huku ile kubwa ikipata wati 0.16, kiasi kisichotosha kuufanya uzi wake mnene utoe hata wekundu. Sasa hesabu na macho vinakubaliana. Angalia pia jinsi hali hii inavyojiimarisha yenyewe: balbu kubwa inapata nguvu ndogo kwa hiyo haipati moto, kwa kuwa haipati moto ukinzani wake haupandi, na kwa kuwa haupandi inaendelea kupata nguvu ndogo.

Unaweza kulithibitisha kwa multimita, kifaa cha kupimia volti, mkondo na ukinzani. Pima ukinzani wa balbu ya wati 21 ikiwa mezani, haijaunganishwa na chochote, na utapata namba ndogo mara nyingi kuliko 6.86. Kisha iunganishe tena katika mfululizo, upime volti kwenye ncha za kila balbu; utakuta karibu volti zote 12 ziko kwenye ile ndogo. Endelea na balbu za gari na za tochi kwa majaribio ya namna hii, wala usiyahamishie kwenye umeme wa ukutani: volti 230 zikipita mwilini zinaweza kuua, na kwa hesabu utakayojifunza hakuna faida yoyote ya ziada.

Kuna mfano mmoja ambao kwangu ndio unaomaliza ubishi wa fomula zako mbili, kwa sababu ndani yake zote zinaonekana zikifanya kazi katika saketi moja. Chukua seli ya volti 1.5 ambayo yenyewe ina ukinzani wa ndani wa omu 0.5. Kila seli na kila betri ina ukinzani wa namna hiyo, na mkondo wote unaotoka hupitia humo kwanza. Unganisha kwenye seli hiyo waya wa nje ambao ukinzani wake unaweza kuubadilisha, kisha uhesabu nguvu inayopatikana katika waya huo wa nje peke yake. Ukinzani wa nje ukiwa omu 0.1, jumla ni omu 0.6, mkondo ni ampea 2.5, na nguvu katika waya ni wati 0.625. Uongeze hadi omu 0.25: mkondo unashuka hadi ampea 2, lakini nguvu inapanda hadi wati 1. Uongeze hadi omu 0.5: mkondo ni ampea 1.5, nguvu ni wati 1.125. Hadi hapo, ukinzani ulipoongezeka joto liliongezeka. Endelea sasa hadi omu 1: mkondo ni ampea 1 na nguvu imerudi wati 1. Fika omu 2.5: mkondo ni ampea 0.5 na nguvu imeshuka hadi wati 0.625. Kuanzia omu 0.5 kwenda mbele, ukinzani ulipoongezeka joto lilipungua.

Kilichotokea ni hiki. Ukinzani wa nje ulipokuwa mdogo kuliko ule wa ndani, ukinzani wa ndani ndio uliokuwa ukiamua mkondo, na mabadiliko ya nje hayakuugusa sana. Tulikuwa karibu na hali ya mkondo usiobadilika, na I²R ndiyo iliyosoma mambo vizuri. Ukinzani wa nje ulipokuwa mkubwa kuliko ule wa ndani, sehemu kubwa ya volti 1.5 ilifika kwenye waya bila kujali mabadiliko madogo. Tukawa tunakaribia volteji isiyobadilika, na V²/R ikachukua nafasi. Kilele kipo pale ukinzani wa nje unapolingana na wa ndani, ingawa hapo nusu ya nishati yote inapotelea ndani ya seli yenyewe kama joto. Ukipiga hesabu hizi kwa mkono wako, ukachora grafu ya nguvu dhidi ya ukinzani, utaona kilima ambacho upande wake mmoja ni wa ukurasa wa kwanza wa kitabu chako na upande wa pili ni wa ukurasa unaofuata.

Swali la nani ameshikilia nini huambatana na jingine ambalo huwakwaza hata wanafunzi wazuri: V iliyomo ndani ya fomula ni ya nani? Mfano mzuri ni nyaya za msongo mkubwa. Tuseme kituo kinatakiwa kusafirisha kilowati 100 kupitia nyaya zenye ukinzani wa omu 2 kwa jumla. Zikitumwa kwa volti 1,000, mkondo ni ampea 100, na joto linalopotea katika nyaya ni 100² × 2, sawa na wati 20,000, yaani sehemu ya tano ya nishati yote. Zikitumwa kwa volti 10,000, mkondo ni ampea 10, na kinachopotea ni wati 200 tu. Kuongeza volteji mara kumi kumepunguza hasara mara mia.

Hapa mtu mwenye V²/R mkononi atauliza kwa haki kabisa: mbona fomula yangu inasema volteji kubwa huongeza joto katika nyaya? Angeweka 10,000² ÷ 2 apate wati milioni 50, namba isiyowezekana kwa kuwa kituo chenyewe kinatoa wati 100,000 tu. Kosa ni kwamba volti 10,000 hazipo kati ya mwanzo na mwisho wa nyaya. Zipo kati ya waya wa kwenda na waya wa kurudi. Volti zinazotumika kando ya nyaya zenyewe ni IR, yaani 10 × 2, sawa na volti 20, na 20² ÷ 2 ni wati 200, jibu lile lile la I²R. V katika fomula ni volteji kati ya ncha mbili za kile kitu ambacho nguvu yake unaitafuta. Kwa nyaya, mkondo huamuliwa na mzigo ulio mwisho wa njia, ndiyo maana mafundi hutumia I²R kwao karibu siku zote. Wanaepuka kosa hilo, na pia mkondo ndio wanaoufahamu.

Waya wa kurefushia wa nyumbani hufuata hesabu hiyo hiyo kwa kiwango kidogo. Birika la wati 2,000 kwa volti 230 lina ukinzani wa omu 26.45. Likitumia waya wa shaba wa mita 20, umeme hupita mita 40 kwenda na kurudi. Waya ukiwa na unene wa milimita 1.5 za mraba, ukinzani wake ni karibu omu 0.45 na hupata joto la takriban wati 33, na ukiwa wa milimita 0.75 za mraba joto hupita wati 60. Waya ulionyooshwa sakafuni hulitawanya joto hilo bila shida, lakini ukiachwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake joto linakosa pa kutokea, plastiki huanza kulainika, na shoti huweza kufuata. Ukinunua au kuazima waya kama huo, soma unene wake na mkondo unaoruhusiwa kabla ya kuunganisha kitu chochote cha kupasha joto.

Namba ya wati iliyoandikwa juu ya kifaa nayo sasa inaeleweka vizuri zaidi. Haielezi kitu ambacho kifaa hubeba popote kiendapo. Inaeleza kitakachotokea kikipewa volteji iliyoandikwa pembeni yake. Katika vifaa vya kupasha joto, kinachobaki karibu bila kubadilika ni ukinzani. Volteji ikishuka kutoka 230 hadi 207, ambayo ni asilimia 10, nguvu ya birika hushuka kwa kipeo cha pili cha 0.9, ambacho ni 0.81, na wati 2,000 zinakuwa 1,620.

Hapo tumefika kwenye sehemu ya pili ya swali lako, na jibu lake linategemea kazi unayoifanya. Uniti moja ya umeme ni kilowati-saa 1, yaani nguvu ya wati 1,000 ikitumika kwa saa moja, sawa na jouli 3,600,000. Nishati ni nguvu mara muda, na muda mara nyingi nao hubadilika pale nguvu inapobadilika. Kuchemsha lita 1.5 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji 1.5 × 4,200 × 80, sawa na jouli 504,000, au uniti 0.14. Birika la wati 2,000 hutoa nishati hiyo kwa sekunde 252. Volteji ikishuka na nguvu ikawa wati 1,620, litachukua sekunde 311, na uniti zitabaki 0.14. Kwa kweli zitaongezeka kidogo, kwa kuwa birika linalochelewa lina muda mrefu zaidi wa kupoteza joto hewani. Hoja hiyo hiyo inajibu wanaodhani kwamba birika la wati 1,000 hubana matumizi kuliko la wati 2,000: kwa maji yale yale halibani, huchelewesha tu.

Balbu ya uzi ni tofauti, kwa sababu haina kazi ya kumaliza. Ikiwaka saa nne kwa volteji pungufu itatumia uniti pungufu, lakini mwanga wake hupungua kwa kasi kuliko nguvu yake, hivyo kila uniti inakupa mwanga mchache zaidi. Chaja za kompyuta, runinga na taa nyingi za LED zina sura ya tatu ambayo haimo katika fomula zako zote mbili: ndani yake mna saketi inayohakikisha kwamba kifaa kinapata nguvu ile ile daima. Volteji ikishuka kwa asilimia 10, vifaa hivyo huongeza mkondo kwa takriban asilimia 11, na mita inasoma karibu vilevile. Mota ya jokofu nayo, ikikabiliwa na mzigo ule ule kwa volteji ndogo, huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata moto, na hilo ni tatizo zito kuliko la uniti, kwa sababu nyaya za ndani ya mota zikizidi joto huungua.

Hesabu ya uniti za mwezi ni kuzidisha wati kwa saa, kugawanya kwa 1,000, kisha kujumlisha vifaa vyote. Birika la wati 2,000 linalotumika dakika 15 kwa siku ni uniti 0.5 kwa siku, 15 kwa siku 30. Taa ya LED ya wati 9 inayowaka saa 6 kwa siku ni uniti 1.62 kwa siku hizo 30. Kifaa kilichoachwa kimechomekwa usiku na mchana kikivuta wati 5 ni uniti 3.6, zaidi ya maradufu ya taa hiyo. Mlinganisho huu nauona wa maana kuliko ushauri wa jumla wa kubana matumizi, maana unaonyesha kwamba muda mrefu wa nguvu ndogo na muda mfupi wa nguvu kubwa vyote vinastahili kuhesabiwa kabla ya kulaumiwa.

Kwa jokofu na pasi usizidishe namba iliyoandikwa kwa saa zote, kwa sababu vifaa hivyo hujiwasha na kujizima kufuata halijoto. Jokofu la wati 120 ambalo mota yake hufanya kazi theluthi moja ya muda hutumia saa 8 za kweli kwa siku, yaani uniti 0.96, na si 2.88. Ukikuta kifaa kimeandikwa volti na ampea bila wati, kuzidisha hizo mbili kunatosha kwa birika na pasi. Kwa mota ya umeme wa kubadilika haitoshi, kwa kuwa mkondo wake huchelewa nyuma ya volteji na sehemu ya nishati hurudi kwenye chanzo katika kila mzunguko. Kwa hiyo huzidishwa pia na kigezo cha nguvu, namba iliyo chini ya 1. Mota ya volti 230 na ampea 2 yenye kigezo cha 0.7 hutumia wati 322, si 460, na mita ya nyumbani huhesabu hizo 322.

Betri yako pia unaweza kuihesabu. Ikiwa imeandikwa ampea-saa 60, zidisha na volti 12 upate wati-saa 720, ambazo ni uniti 0.72. Balbu ya wati 21 ingeweza kuwaka kwa nadharia saa 34, lakini betri ya risasi na asidi ikimalizwa kabisa huharibika upesi, kwa hiyo hesabu nusu ya muda huo.

Kama unataka kupima badala ya kukisia, angalia mita ya kidijitali. Nyingi zina taa ndogo inayopiga kila baada ya kiasi fulani cha nishati, na kiasi hicho kimeandikwa kwenye uso wake, mathalani mipigo 1,000 kwa kilowati-saa. Kwa mita kama hiyo kila mpigo ni jouli 3,600. Zima vifaa vyote isipokuwa kile unachokichunguza, hesabu muda wa mipigo 10, ugawanye kwa 10, kisha ugawanye 3,600 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 1.8 kati ya mpigo na mpigo ni wati 2,000. Ukipata sekunde 2.2 kwa birika lile lile, nguvu ni wati 1,636, na kutokana na uwiano wa kipeo cha pili unaweza kukadiria kwamba wakati huo volteji ilikuwa karibu 208 badala ya 230.